Sekunde nne za rubani

Dodoma, Jumapili jioni

Ndege ikianguka, swali la kwanza vijiweni ni lilelile: rubani au ndege? Lilizungumzwa sana hapa mjini baada ya ATR 42-500 ya Precision Air kuingia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, na watu 19 kati ya 43 kupoteza maisha. Swali hilo linanichosha. Linamchukulia rubani kama mtu wa nje aliyekabidhiwa mashine iliyokwisha kukamilika, wakati msanifu, tangu akiwa mezani kwake, ameshaweka kwenye mahesabu kwamba mtu ataona hiki, ataelewa hiki na atafanya kile ndani ya muda fulani. Kadirio hilo ni sehemu ya ndege kama lilivyo bomba la mafuta, na linaweza kutoka kiwandani likiwa bovu.

Tazama tarakimu mbili tu. Tarehe 20 Januari 1992, Airbus A320 ya Air Inter ilikuwa ikishuka kuelekea Strasbourg, Ufaransa. Kitufe kimoja kilikuwa kinabadilisha maana ya namba ambayo rubani anaichagua: katika hali moja ni pembe ya kushuka, katika nyingine ni kasi ya kushuka. Nyuzi 3.3 zilisomeka -3.3, na futi 3,300 kwa dakika zilisomeka -33. Wachunguzi waliona uwezekano mkubwa ni kwamba marubani walitaka pembe wakapata kasi, ndege ikashuka karibu mara nne ya ilivyotakiwa hadi ikagonga mlima. Walikufa watu 87 kati ya 96. Ndiyo, altimita, kipimo cha mwinuko, ilikuwa mbele yao na hakuna aliyeifuatilia inavyopaswa. Lakini baadaye kioo kinachoonyesha namba hiyo kilirekebishwa kikaonyesha tarakimu nne kwa upande wa kasi. Kama tatizo lingekuwa macho ya marubani wale wawili tu, kioo kingeguswa kwa ajili gani?

Jambo hili lilijulikana zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia wa Marekani Alphonse Chapanis alichunguza ndege za kivita za B-17 ambazo marubani wake, wakiwa wameshatua salama, walikuwa wanakunja magurudumu badala ya flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoisaidia ndege kubebwa ikienda polepole. Swichi mbili hizo zilifanana na zilikaa jirani. Dawa yake ilikuwa kuweka kigurudumu kwenye mkono wa magurudumu na kipande chenye umbo la bawa kwenye mkono wa flapu, ili kiganja kitambue bila macho. Ingia leo katika chumba cha marubani cha ndege ya abiria, utakikuta kigurudumu hicho. Sheria za usanifu zinakidai.

Boeing 737 MAX ndiyo iliyoweka kila kitu hadharani. Injini zake kubwa, zilizosogezwa mbele na juu, ziliifanya pua ielekee kuinuka zaidi bawa linapokaribia kikomo cha kubeba. Ikawekwa programu ya MCAS ya kusukuma pua chini kwa kuzungusha bawa dogo la mkiani, ikitegemea kihisi kimoja cha pembe ya hewa. Kihisi kikidanganya, programu inasukuma, rubani anarudisha, nayo inasukuma tena. Lion Air ilipoteza watu 189 tarehe 29 Oktoba 2018, na Ethiopian Airlines 157 tarehe 10 Machi 2019.

Mahesabu ya usalama yalichukulia kwamba rubani angetambua na kuchukua hatua ndani ya sekunde 4. Kwenye simuleta, mashine ya kuigiza safari ya ndege, hata hivyo, Boeing walijaribu mwendo wa bawa la mkiani peke yake. Angani kihisi kibovu kilileta pia usukani unaotetemeka, onyo la kasi kutolingana na onyo la mwinuko kutolingana, vyote kwa pamoja. Tena mwongozo wa marubani haukuitaja MCAS. Sekunde nne za kufanya nini hasa?

Simwondolei rubani mzigo wake. Katika ndege ya Ethiopia swichi za kukata umeme wa bawa la mkiani zilizimwa kama ilivyoelekezwa, lakini injini zilibaki kwenye nguvu ya kurukia, kasi ikavuka noti 340 (kama kilomita 630 kwa saa), na gurudumu la kuzungusha kwa mkono likawa zito mno kwa sababu ya shinikizo la hewa. Kupunguza nguvu ni kazi ya binadamu. Vivyo hivyo kutua: ukifika futi 1,000 mawinguni, au 500 anga ikiwa wazi, na ndege haijatulia kwa kasi, flapu na mwendo wa kushuka, unapaa upya. Hapo msanifu hana neno. Mwenye neno ni kampuni, hasa ile inayomhoji rubani aliyepaa upya na kumwacha yule aliyelazimisha.

Hapa Dodoma mipaka ya rubani na msanifu hukutana kila mchana. Uwanja uko kama mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 31, ndege inahisi hewa nyepesi kama ya mwinuko wa futi 6,400 hivi (karibu mita 1,950). Injini hutoa nguvu pungufu, na kwa kasi ileile ya kwenye geji ndege inakimbia ardhini karibu asilimia 10 zaidi ya usawa wa bahari katika hewa ya kawaida. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inapanda zaidi ya asilimia 20. Jedwali la msanifu lina majibu yote, ila linajibu namba uliyoiingiza. Mwaka 2009 huko Melbourne, marubani wa Airbus A340 ya Emirates walikokotoa kuruka kwa uzito wa tani 262.9 badala ya 362.9, mkia ukaburuzwa kwenye lami. Kompyuta ilipokea namba ile bila kuuliza.

Kwa hiyo kila rubani akokotoe peke yake, kisha walinganishe majibu, si kusomeana. Uzito usomwe tena kutoka karatasi ya mizigo. Na kasi ya kurukia ipimwe dhidi ya ile iliyozoeleka kwa safari kama hiyo. Njia ya kurukia ya uwanja mpya wa Msalato, ya mita 3,600, itasaidia sana kwenye kusimama. Kwenye kupanda injini moja ikizimika haisaidii kwa kiasi hicho, hivyo mchana wa Novemba uzito bado utapunguzwa.