Kushusha tu

"Kwani wewe kazi yako nini, si kushusha tu?" Shemeji alisema hivyo mdomo umejaa pilau, wala hakuwa na nia mbaya. Mnamjua. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikamwongeza kachumbari. Tangu hapo bibi harusi kashapelekwa Kilifi, meli zimefunga gatini na kuondoka, na mimi, dereva wa kreni bandarini, bado niko kwenye lile "tu".

Ningemjibu hivi. Kule Florida, kwenye Kituo cha Anga cha Kennedy, kuna jengo la mita 160 kwenda juu ambamo NASA, shirika la anga la Marekani, huunganisha roketi zikiwa wima. Juni 2021 ilikuwa zamu ya hatua ya kati, yaani kipande kikuu, cha roketi ya Artemis I ya kwenda Mwezini: rangi ya chungwa, urefu mita 65, kama tani 85 ikiwa tupu. Ililetwa imelala. Kreni mbili zikaishika huku na huku mpaka ikasimama, kisha ile kubwa, ya tani 325, ikaipandisha na kuiteremsha katikati ya roketi mbili za pembeni zilizokwisha kusimamishwa, na zimejaa fueli. Sasa Shemeji, hapo ugumu ulikuwa kuinua? Kuinua hata injini inaweza!

Tena husimuliwa kuwa madereva wa kreni wa jengo lile hupewa mtihani wa yai: shusha mzigo uliguse, lisipasuke.

Nilicheka peke yangu kibandani. Maana hapa bandarini, kontena likianza kubembea kwa upepo wa kusi, mgeni wa kazi hulivuta kinyume, likazidi. Mwenye mkono hulifuata linakoelekea, polepole, mpaka kebo zinyooke. Chini kuna mtu wa redio, uso wake huuoni, unasikia tu: shusha... shusha... kidogo... kidogo... basi. "Kidogo" ya mwisho haifiki upana wa kidole. Na kontena likikaa bila kulia, wallahi, hata chakula cha mchana nakisahau.

Basi, hasira imeniishia humu humu nikiandika. Shemeji mwenyewe anauza bima, maskini, kazi yake amwonyeshe nani?

Ila tangi langu la maji linavuja, fundi kashachukua kianzio na simu hapokei. Maji yanateremka ukutani kwa jirani, na jirani anarudi kutoka Lamu Jumapili.