Viti vya Boti ya Baba Mdogo

Baba mdogo alipoinunua boti ile kuukuu, kitu cha kwanza alichotaka kung'oa ni viti. Vilikuwa vya ngozi halisi, vimeizunguka shetri, yaani sehemu ya nyuma ya boti, hadi karibu na usukani, na kwa kweli hali yake ilisikitisha. Ngozi ilikuwa imekauka ikakakamaa, chumvi imeganda kwenye mikunjo, na kuzunguka kila msumari palikuwa na baka jeusi tii. Yeye alishaamua: vinang'olewa, inawekwa plastiki. "Plastiki hailiwi na bahari, mwanangu," aliniambia.

Nilimwomba muda. Kazi yangu ni ngozi. Nimeshona mikoba na mikanda tangu ujana, na jicho lilikuwa limeshanasa mshono wa vile viti. Ulikuwa wa mkono, sindano mbili zikipishana katika tundu moja, ule ambao ukikatika mahali hauendelei kufumuka. Aliyeshona vile hakuwa na haraka. Kuitupa kazi yake bila hata kuigeuza upande wa pili niliona ni kumkosea adabu.

Nikafungua skrubu, nikakipindua kiti kimoja. Kule chini, kwenye ukingo uliokatwa, ngozi ilikuwa ya kahawia katika unene wake wote. Moyo ulinidunda. Ngozi iliyodabighiwa, yaani iliyotiwa dawa isioze, kwa chumvi za madini ya kromiamu, ambayo ndiyo nyingi siku hizi, ukiikata mara nyingi unakuta kijivu cha kibuluu katikati. Hii ilikuwa imedabighiwa kwa magome ya miti, na hapo hapo nikayaelewa yale mabaka. Hayakuwa uchafu. Tanini iliyomo kwenye magome ikikutana na chuma penye unyevu hugeuka nyeusi. Kwa karne nyingi watu walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyo hiyo. Misumari ilishika kutu, kutu ikanywewa na ngozi, ngozi ikajipaka wino yenyewe. Hakuna kusugua kungeutoa.

Wakati huo baba mdogo anakuja na ndoo ya sabuni ya unga pamoja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. "Baba mdogo, naomba hiyo uiweke kando," nikamwambia. "Ngozi ina uchachu wake wa asili, na sabuni kali inauondoa. Tutaiharibu kuliko jua lilivyoiharibu." Akaitua ndoo, akaniuliza tutumie nini basi.

Ukungu haukutusumbua sana. Tulivitoa viti nje, tukajifunga vitambaa puani, tukaupangusa kwa brashi laini ungali mkavu, kisha tukapitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Chumvi ndiyo iliyotaka subira. Usiku chumvi huvuta unyevu hewani, mchana jua huukausha, na kila inapoganda upya chembe zake husagana na nyuzi za ngozi humo ndani. Ukiwahi kupaka mafuta kabla ya kuitoa, unaifungia humo humo. Basi nikawa nachovya kitambaa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, nakikamua, nalowesha kipande kizima toka mshono hadi mshono, maana ukilowesha kipande nusu, mpaka wa maji unabaki kuwa doa jipya. Kikikauka, chumvi nyingine inapanda juu kutoka ndani. Narudia. Inapanda tena, hafifu zaidi. Baba mdogo alitaka tuvianike juani tumalize upesi, nikamsihi viachwe kivulini penye upepo, kwa sababu ngozi iliyolowa ikipata joto kali hujikunja na kuwa ngumu, na hapo hairudi tena.

Ndipo nikayageukia mabaka. Niliyeyusha asidi ya oksaliki kidogo tu katika maji, nikavaa glavu kwa kuwa ni sumu, nikapaka. Saa ile niliipenda kuliko zote. Weusi uligeuka kijivu, kijivu kikafifia, na rangi ya kahawia ikaanza kujitokeza mbele ya macho yetu. Baba mdogo alikuwa ameinama kando yangu, kimya, anatazama. Penye vichwa vya misumari palibaki kivuli. Nikasuuza nikapaacha hivyo, kwani asidi ikizidi inaila ngozi yenyewe.

Mafuta niliyotumia ni ya kwato za ng'ombe, na niliyapaka upande wa ndani, ambako nyuzi zimelegea na hunywa vizuri. Tabaka jembamba, kungoja hadi kesho yake, kisha jingine. Wengi humwaga mafuta mengi wakidhani wanaikirimu ngozi, kumbe wanailegeza mpaka inaning'inia. Ilipoanza kukunjika bila kulia niliacha, nikafunga kazi kwa nta ya nyuki juu.

Kipande kimoja hakikuokoka. Egemeo lililokuwa likitazama jua lilikuwa limegeuka unga mwekundu; ukilipitishia kidole, kidole kinatoka na rangi. Nyuzi zikishakatika namna hiyo hakuna mafuta ya kuziunga. Nililifumua taratibu, nikalitumia kama kielelezo, nikakata jipya na kutoboa matundu yale yale.

Wakati wa kurudishia, baba mdogo alileta misumari ya shaba, akijivunia kwamba haishiki kutu. Nikamweleza kuwa shaba nayo ikigusana na mafuta ya ngozi hutoa utando wa kijani. Akacheka: "Kumbe kila madini na ugomvi wake." Tukapigilia ya chuma kisichoshika kutu.

Alitaka pia egemeo jipya, lililokuwa jeupe kuliko wenzake, lipakwe rangi lifanane. Nilimwambia asubiri, kwa kuwa ngozi ya magome huiva yenyewe juani, na ndivyo ilivyokuwa. Tulichobishana kwa kweli ni kifuniko. Yeye alitaka nailoni isiyopitisha maji, mimi nikashikilia turubai la pamba lenye kupitisha hewa, ukungu usije ukarudi. Alikubali, akalishona mwenyewe. Mwaka uliofuata alinipigia simu niende nikatazame mito ya chumba cha chini, ambayo nayo ilikuwa imepigiliwa misumari ya chuma.