Nilivyowaandaa watumishi wenzangu kuhama kutoka karatasi kwenda kwenye mfumo wa kielektroniki

Nilipokabidhiwa jukumu la kuwaandaa watumishi wa hospitali yetu kupokea mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa, nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi na nilikuwa na mwaka mmoja tu katika kitengo cha takwimu. Nilidhani kazi yenyewe ni ndogo. Niliandaa mafunzo ya siku mbili ukumbini, mkufunzi akaletwa na kampuni iliyotengeneza mfumo, projekta ikawashwa, na watumishi wakaketi kwa safu wakimtazama akimsajili mgonjwa wa mfano ambaye taarifa zake zote zilikuwa kamili na ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mwishoni watu walijaza fomu za tathmini na karibu wote waliandika kuwa mafunzo yalikuwa mazuri sana.

Mfumo ulifunguliwa wiki tatu baadaye. Asubuhi ya siku ya kwanza foleni ya wagonjwa wa nje ilifika mlangoni, wauguzi hawakukumbuka hata ukurasa wa kuanzia, na kabla ya saa sita mchana kila mtu alikuwa amerudi kwenye rejista yake. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, jinsi jambo lililojifunzwa linavyopotea haraka lisiporudiwa, na mimi nilikuwa nimewafundisha watu jambo geni kisha nikawaacha wiki tatu bila kifaa cha kufanyia mazoezi. Niliuomba uongozi usogeze mbele tarehe ya kuanza kwa miezi miwili. Ulikubali, lakini kwa shingo upande.

Muda huo sikuutumia kwanza kufundisha. Nilichukua daftari nikaenda kukaa wodini, dirisha la dawa na maabara, zamu ya mchana na ya usiku, nikiandika kila mahali ambapo mtumishi alishika kalamu. Ni kazi inayochosha na wenzangu wa kitengo waliiona kuwa ya kupoteza muda, lakini ndiyo iliyonifungua macho kuliko nyingine yoyote. Muuguzi aliyempima mgonjwa joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu aliandika namba hizo kwenye kipande cha karatasi alichokitia mfukoni, akazinakili kwenye chati iliyoko kitandani, kisha baadhi yake akazinakili tena kwenye rejista ya wodi. Mfumo wetu mpya, kama tulivyoupanga, ungeongeza mahali pa nne pa kuandika namba zile zile, tena kwenye kompyuta iliyowekwa mezani mwishoni mwa korido, mbali na vitanda. Hapo nilielewa kwamba watu tuliowaita wagumu wa kubadilika walikuwa wamepiga hesabu sahihi kabisa ya muda wao.

Fred Davis, katika utafiti wake wa mwaka 1989 kuhusu kinachowafanya watu wakubali kutumia teknolojia, alitaja mambo mawili: kama mtu anaona kifaa kitamsaidia kazini, na kama anaona hakitamtesa kukitumia. Mimi nilikuwa nimehangaika na la pili pekee. Nilirudi kwa uongozi na orodha ya rejista na fomu zote zinazotumika, na katika kila moja nikauliza swali moja: itafungwa lini? Mazungumzo haya yalikuwa magumu kuliko mafunzo yoyote, kwa sababu kila rejista ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitaka iendelee hadi mfumo utakapoaminika, ilhali mfumo hauwezi kuaminika wakati watu wanauingizia taarifa mwisho wa zamu wakiwa wamechoka, baada ya kumaliza rejista. Hatimaye tulipata barua iliyosainiwa, yenye tarehe ya kufungwa kwa kila rejista, na nakala yake ikabandikwa katika kila wodi. Tuliomba pia vishikwambi vya kuweka juu ya kitoroli cha dawa ili muuguzi aandike akiwa pembeni ya mgonjwa. Naamini barua ile ilifanya kazi kubwa kuliko mkufunzi.

Jambo la pili nililoliona wodini lilikuwa aibu, na sikulitarajia. Daktari mmoja mwandamizi, mtu ninayemheshimu sana, alikuwa akimwagiza daktari aliye katika mafunzo ya vitendo amwandikie kila kitu kwenye kompyuta. Tulisema ni umri. Lakini simu yake ya mkononi aliitumia vizuri bila msaada wa mtu. Nilipomfuata faraghani nikamwambia, “Daktari, naomba unieleze kinachokukwaza, nami nitarekebisha,” alijibu kwamba hawezi kutafuta herufi moja moja mbele ya vijana anaowafundisha na mbele ya mgonjwa anayesubiri uamuzi wake. Kuanzia hapo niliacha kuchanganya vyeo katika mafunzo. Waandamizi walipata vipindi vyao, na chumba kidogo chenye kompyuta mbili kikawa wazi saa moja kabla ya kila zamu, bila orodha ya mahudhurio, chenye mfumo wa majaribio ambao mtu angeweza kukosea apendavyo bila kugusa kumbukumbu za mgonjwa halisi.

Mafunzo yenyewe tuliyagawa kwa kazi. Mfamasia hakuwa na sababu ya kujifunza usajili wa wajawazito, wala mtaalamu wa maabara hakuhitaji kujua namna ya kuagiza dawa. Kila kipindi kilichukua dakika 40, wodini kwenyewe, siku chache kabla ya wodi hiyo kuanza, na wagonjwa wa mfano niliwatunga kutokana na nilichokiona: aliyeletwa akiwa hana fahamu na hana kitambulisho, wawili wenye jina moja, na yule ambaye dawa yake imebadilishwa katikati ya zamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu afya ya kidijitali unashauri kwamba mafunzo yatolewayo kwa simu na kompyuta yaongezee njia za kawaida za kufundishia, yasichukue nafasi yake. Video fupi tulizorekodi ziliwafaa waliotaka kujikumbusha, lakini sikumwona mtu aliyejifunza kwa video peke yake.

Katika kuchagua wasaidizi wa wodi nilikosea tena. Niliwachukua vijana wenye kasi kubwa ya kompyuta, nao, kwa nia njema, kila mwenzao alipokwama walichukua kipanya mkononi mwake, wakamaliza kazi kwa sekunde tano na kuondoka. Aliyesaidiwa hakujifunza chochote isipokuwa kumwita tena kesho. Niliwabadilisha baadhi yao na kuweka watu wenye subira, wakiwemo waliopata tabu wenyewe mwanzoni, na tukakubaliana kanuni moja: msaidizi anasimama akiwa ameweka mikono nyuma na anaeleza kwa mdomo tu. Inachekesha kuitazama, lakini inafaa. Niliomba pia saa zao za usaidizi ziandikwe kwenye ratiba ya zamu, maana msaidizi mwenye wagonjwa wake wote wa kawaida hamsaidii mtu.

Suala la nywila lilinisumbua kwa muda. Wauguzi wa zamu moja walikuwa wakiingia kwa jina la mmoja wao, kisha wote wanaandika humo. Nilianza kwa kuwakumbusha kanuni za usiri, na hakuna kilichobadilika. Baadaye nilibadilisha maneno, nikauliza katika kikao cha wodi kama kuna aliye tayari kusaini chati ya dawa aliyoitoa mwenzake bila yeye kuwepo. Ukumbi ulinyamaza. Nikawaonyesha kumbukumbu za siku moja, jinsi muuguzi aliyekuwa nyumbani akipumzika alivyoonekana kuwa ametoa dawa za usiku mzima. Lakini nikiri kwamba kulikuwa na sababu nyingine: kuingia na kutoka kwenye mfumo kulichukua muda mrefu mno, na tatizo hilo mafundi walipolipunguza, tabia hiyo nayo ilipungua kwa kiasi kikubwa.

Kabla ya kuanza tena tulifanya zoezi la kuzima mtandao makusudi. Kila wodi ilikuwa na bahasha ya fomu za dharura, na lengo lilikuwa kuona nani anajua ilipo na nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba sasa tunaandika kwenye karatasi. Zoezi lilifichua tatizo ambalo hatukulifikiria: mtandao uliporudi na watu wakaingiza taarifa zao, mfumo uliandika saa ya kuingiza badala ya saa dawa ilipotolewa, kwa hiyo dawa ya saa mbili asubuhi ilionekana kutolewa saa saba mchana, na muuguzi wa zamu iliyofuata angeweza kuchelewesha dozi au kuipanga vibaya. Tuliongeza sehemu ya kujaza saa halisi, na katika fomu za dharura saa ikawa kitu cha kwanza kuandikwa. Mtandao ulikatika kweli siku chache baada ya kuanza, na hatukurudi kwenye rejista.

Maonyo ya mfumo kuhusu dawa zinazogongana yalitushinda kwa wiki kadhaa, kwa kuwa yalijitokeza hata kwa mambo madogo hadi madaktari wakawa wanayafunga bila kuyasoma. Wafamasia waliketi na madaktari, wakabakiza yale yanayoweza kumdhuru mgonjwa.

Baada ya miezi mitatu niliwapa watumishi dodoso la maswali 10 lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986 kupima urahisi wa kutumia mfumo, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 100 na 68 huchukuliwa kuwa wastani. Tulipata chini kidogo ya hapo. Wodi zilizopata alama za chini zaidi zilikuwa zile ambazo rejista zake zilikuwa bado hazijafungwa.

Daftari moja limebaki kila wodi, lile la makabidhiano ya zamu. Nililipangia tarehe ya kufungwa kama mengine, hadi usiku mmoja nilipolisoma na kukuta maelezo ambayo hayana mahali kwenye mfumo: mgonjwa wa kitanda cha 6 anaogopa kuulizwa mbele ya ndugu zake, na yule wa kitanda cha 11 humeza dawa vizuri akielezwa kwanza kazi yake. Nimewaomba mafundi sehemu ya kuandika maelezo ya namna hiyo. Wakati wakiifanyia kazi, tarehe ya daftari hilo nimeifuta kwenye orodha.