Mkono wa Kulia Mjini Edinburgh

Nilikwenda Edinburgh, Uskoti, kwa mahafali ya binti yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Ngamiani, Tanga, na mkono huu wa kulia ndio uliomlipia ada tangu darasa la kwanza. Nautaja mapema kwa sababu safari niliyoiandaa kwa ajili ya mwanangu iliishia kuwa safari ya mkono huo.

Dar hadi Doha, Doha hadi Edinburgh, mwishoni mwa Novemba. Baridi ya kule inaingia kwenye mifupa kabla hujafunga zipu ya koti, na saa kumi jioni kiza kimeshatanda kama tunaelekea Isha. Binti alinitembeza chuoni kwake, akanikumbusha kuwa Mwalimu Nyerere alisoma hapo hapo na kuhitimu mwaka 1952. Nilisimama pale nikashika ukuta wa mawe. Kwa mzazi aliyekuja kutoka Tanga, jambo hilo si dogo.

Siku ya tatu binti alikuwa na zamu kwenye kibarua chake, na kule simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Nikatoka peke yangu. Katikati ya mji ule kuna mlima unaoitwa Arthur's Seat, mita 251, volkano iliyozimika zamani mno. Sikutaka kilele. Nilitaka kufika kwenye magofu ya kanisa dogo la Mtakatifu Anthony, ambayo siku iliyotangulia niliyaona kwa mbali juu ya ziwa lenye bata maji weupe. Nikafika, nikatazama mji wote hadi baharini, nikafurahi. Ni wakati wa kushuka ndipo mguu ulipokanyaga jiwe lenye utando mwembamba wa barafu. Nilianguka mbele, nikajikinga kwa kiganja cha kulia. Uzito wangu wote ulishukia pale.

Damu haikutoka. Mama mmoja aliyekuwa na mbwa wake alinikuta nimekaa kwenye majani. Nikatoa kanga mkobani, nikaipitisha shingoni, nikampa ncha mbili. Akaelewa mara moja, akafunga fundo. Nikashuka na ile mbeleko ya mkono, taratibu, yeye akinishika kiwiko cha upande mzima, hadi barabarani alikoniitia teksi.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha miaka thelathini iliyopita. Nasoma, naelewa mtu akisema polepole. Kwa hiyo nilipofika hospitali sikuwa na hofu. Kijana wa mapokezi akauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, kisha saa niliyoumia. Nilianguka saa nne asubuhi. Nikasema, "Four." Akainua macho. Akauliza kama ni nne ya asubuhi. Nikajibu ndiyo, asubuhi. Saa ya ukutani wakati ule ilikuwa saa saba mchana.

Baada ya hapo sauti yake ilishuka. Akauliza ninaishi na nani, kama nyumbani kuna mtu yeyote ninayemwogopa, kama nipo salama. Nikaona ni desturi yao ya ukarimu, nikajibu kwa tabasamu kwamba naishi na binti yangu tu. Sikujua nilichokuwa nimesema. Saa yao haianzi kuhesabiwa alfajiri kama yetu. "Four" ya asubuhi kwao ni saa kumi ya usiku. Mbele yake alikaa mwanamke mgeni, peke yake, mkono umefungwa kanga, anasema ameumia usiku wa manane na kukaa saa tisa nzima bila kuja. Angekosea kazi kama asingeuliza. Lakini nikikumbuka kwamba mtu pekee aliyekuwa akiishi nami ni mwanangu, na kwamba neno langu moja lingeweza kumwekea doa, mpaka leo kifua kinabana.

Kisha nikaitwa na muuguzi wa kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Nikamwambia, "My hand." Akakitazama kiganja, akavigusa vidole kimoja kimoja, vyote vikacheza. Akauliza, "Is it sore?" Neno hilo nilifundishwa shuleni kuwa ni kidonda. Na mimi sikuwa na kidonda, hata mchubuko haukufika mahali pa kutoa damu. Nikajibu kwa uhakika kabisa, "No. No sore." Akaandika. Kule Uskoti, "sore" ndilo neno la kila siku la maumivu. Nilikuwa nimemwambia hainiumi.

Nikakaa kwenye benchi. Walioingia nyuma yangu waliitwa mbele yangu, na ilikuwa haki yao kwa yale yaliyoandikwa. Kifundo kilikuwa kinavimba chini ya kanga. Nilifanya nilichofundishwa na mama yangu tangu utoto, nikajikaza. Hilo nalo lilinidhuru, maana mtu aliyejikaza hana sura ya mgonjwa.

Baada ya muda mrefu akapita muuguzi mwingine, mtu mzima, akasimama. Nadhani aliona jasho, na ndani hamkuwa na joto la kumtoa mtu jasho. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikulitoa mwenyewe kwa sababu niliona aibu, mama wa msomi: ninazungumza lugha gani? Nikasema Kiswahili. Akanipeleka chumbani, akapiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi. Tukasubiri kidogo. Kisha ikatoka sauti ya kijana wa kike:

"Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani. Pole sana kwa maumivu."

Nikasema "Marahaba mwanangu", na machozi yakanitoka. Tangu asubuhi nilikuwa sijaambiwa pole kwa lugha inayofika.

Tukaanza upya. Saa ikarekebishwa kwanza, na yule muuguzi akafuta mstari kwenye karatasi na kuandika mwingine. Halafu mkalimani akauliza, "Mkono mama, ni wapi hasa?" Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinatukwaza. Kwetu mafundi mkono unaanzia begani. Ukiniletea kitambaa cha gauni, napima mkono kutoka kwenye bega hadi kwenye kifundo. Kwa Kiswahili cha kawaida pia ni hivyo, kutoka bega hadi ncha za vidole vyote ni mkono. Waingereza wameukata vipande, na "hand" ni kile cha mwisho tu, kiganja na vidole. Nilikuwa nimemwonyesha yule wa kwanza mahali pasipouma. Nikasema: kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba.

"Maumivu yakoje?"

"Yanapwita. Na nikitaka kushika kitu yanachoma, kama sindano ya cherehani ikikosa kitambaa ikaingia kidoleni."

Akayapeleka yote, na sindano yake. Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akauliza nilivyoanguka. Kiganja kilikuwa wazi? Kimekunjamana nyuma? Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto. Hapo akaniomba nikinyooshe kidole gumba juu kadiri nitakavyoweza. Ukikinyoosha, chini yake, kati ya kano mbili, panatokea kishimo. Jaribu kwenye mkono wako. Akaweka kidole ndani ya kishimo kile na kubonyeza kidogo tu.

Sikujikaza tena.

Chini ya kishimo kile kuna mfupa mdogo, akanieleza kupitia kwa mkalimani, ambao jina lake kwa Kigiriki linatokana na mtumbwi kwa jinsi ulivyopinda. Kati ya mifupa midogo ya kifundo, ndio unaovunjika mara nyingi zaidi mtu akijikinga kwa kiganja. Damu inauingia kwa upande wa mbali na kurudi nyuma, kwa hiyo ukipasuka katikati, kipande kimoja kinaweza kukosa damu na kufa, na mkono ukabaki na maumivu na ugumu wa kudumu. Tena ufa wake huenda usionekane kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Ndiyo maana wanakitegemea kidole chao na kauli ya mgonjwa. Niliwaza mkasi wangu mkubwa wa kukatia, na kauli niliyokuwa nimewapa.

Picha zilipigwa, hazikuonyesha kitu. Hata hivyo wakanifunga banzi la kukaza kifundo na kidole gumba, wakanipa siku ya kurudi. Kwa huduma ile ya dharura hawakunidai hata senti. Miadi ya baadaye ililipwa na bima ya safari.

Binti alilia usiku ule, akijilaumu. Nikamtuma karatasi kubwa. Tukaitandika sakafuni, nikamwambia anichore kama patani ya kukatia nguo, mbele na nyuma, na kwenye kila kiungo aandike wanavyokiita wao: bega, kiwiko, kifundo, nyonga, goti, muundi, kisigino. Pembeni tukaandika kuchoma, kupwita, kuwanga, ganzi. Neno "sore" akaliandika kwa kalamu nyekundu.

Siku ya mahafali banzi halikupita kwenye mkono wa gauni nililolishona mwenyewe. Binti akaufumua mshono kwa wembe, mimi nikimwelekeza asikate kitambaa, tukafunika kwa kanga. Alipoitwa jina lake nilipiga vigelegele, na ukumbini waligeuka wote.

Siku ya kumi na moja nilirudi hospitali. Binti alikuwa na nafasi ya kuja, nikamwomba anisubiri nje. Mkalimani yupo ukihitaji, wakaniambia. Nikasema nitaanza mwenyewe, nikikwama nitamwita. Muuguzi akauliza nilianguka lini. Nikamtajia tarehe, na saa kwa hesabu yao, kumi ya asubuhi. Akafungua banzi, akauliza, "Is it sore?"

"Yes," nikamwambia, nikinyoosha kidole gumba juu na kumwonyesha kishimo. "It is sore. Here."

Safari hii picha ilionyesha mstari mwembamba, wa unene wa uzi, katikati ya ule mtumbwi.