Anayefungwa Anasimama

Jana usiku nilicheza mechi tatu za kandanda kwenye gemu, nikashinda zote, nikazima. Moyo haukushtuka hata kidogo. Zamani ushindi mmoja tu ulininyima usingizi.

Nilikulia kambini Jinja, Uganda, mtoto wa askari. Kiswahili kilikuwa lugha yetu sote pale, Waacholi, Walugbara, Waganda, kwa hiyo hata kelele za gemu nilizijua kwa Kiswahili kwanza. Nilianza na kile kigemu cha betri chenye matofali yanayodondoka. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba mchezo ule, Tetris, ulibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Kisha jirani akaleta mashine ya kaseti, tukacheza Contra, gemu ya bunduki. Kaka yangu alijua siri ya juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, inayokupa maisha 30. Niliiandika nyuma ya daftari la hesabu.

Gemu za bunduki niliziacha mapema. Baba alikuwa ametumikia vitani kaskazini, na siku aliposikia milio ile sebuleni aliinuka akatoka nje bila kusema neno. Sikuhitaji kukatazwa.

Mapenzi yenyewe yalianzia kwenye kibanda nje ya lango la kambi. PlayStation 2 moja, televisheni moja, benchi moja, shilingi 200 kwa mechi. Anayefungwa anasimama, mshindi anabaki, anayeingia ndiye anayelipa. Mimi nilikuwa na 200 moja kwa wiki. Nikifungwa, wiki nzima natazama migongo ya wenzangu. Basi nikajifunza kushinda tu: gemu ya kandanda ya PES 6, nachagua timu ya Inter, mpira kwa mshambuliaji wake Adriano, mguu wa kushoto kutoka mbali, goli. Mechi nzima hivyo hivyo.

Ndipo mgao wa umeme ukatubana. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka sana, mitambo ya Nalubaale na Kiira ikazalisha umeme kidogo, nasi tulioishi karibu na mabwawa yenyewe tukalala gizani kama wengine. Mwenye kibanda akawasha jenereta, mechi ikapanda hadi 500. Miezi ile nilisimama sana. Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa sajenti, ambaye hakupiga shuti la mbali hata siku moja. Anapiga pasi, anarudisha, anangoja, anapiga tena, mpaka mpira unaingia wavuni kwa kusukumwa tu. Alifungwa mara nyingi. Lakini magoli yake mawili ninaweza kukusimulia leo hii, pasi kwa pasi. Yangu mwenyewe silikumbuki hata moja.

Nilipopata kazi Kampala nilinunua mashine yangu. Nikagundua kwamba ninaposhinda hakuna anayesimama, na kumbe miaka yote ile nilichokipenda ni kubaki kwenye benchi. Taratibu nikahamia kwenye gemu za kucheza kwa zamu, Civilization hasa, ambako unaweza kuufikiria uamuzi mmoja mpaka chai ipoe. Wenzangu wanasema ni uzee. Mimi naona nimemrudia yule mtoto wa sajenti.

Na nimemrudia baba. Amestaafu, anacheza mweso, aina ya bao, chini ya mwembe: mashimo 32, kete 64. Zamani niliuona mchezo wa wazee. Sasa kuna jambo ndani yake linanishika kila mara: kete unazoteka hazitupwi nje, unazipanda upande wako nazo zinaendelea kucheza. Krismasi iliyopita nilikaa naye. Akanifunga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilipoisha miguu yangu ikainuka yenyewe, kama pale kibandani.

Baba akaniangalia. "Unaenda wapi, mwanangu? Panga kete."