Fomula ya Ukutani Danville

Shemeji alikuwa ameona Toyota kuukuu inauzwa Danville, hapa Kentucky, Marekani, akaniomba nimsindikize, maana akiinunua lazima awepo wa kurudisha gari tulilokwenda nalo. Kutoka Lexington ni mwendo wa dakika 45 hivi, mashamba ya farasi kulia na kushoto. Walipoanza kuvutana bei, kila mmoja na kikokotoo cha simu yake, nikaenda kunyoosha miguu hadi kwenye chuo chao, Centre.

Ndipo nikaiona ukutani, kwenye matofali, imeandikwa kwa rangi: C6H0.

Nilifundisha kemia miaka 6 kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania. Chaki ikiisha tuliandikia vipande vya muhogo mkavu. Jicho langu haliwezi kupita fomula bila kuisahihisha. Kaboni sita, haidrojeni sifuri! Nikasema huyu alitaka kuandika benzeni, C6H6, akapitiwa. Kwangu angepata sifuri yake hiyohiyo.

Mzee mmoja mwenye mbwa akaniona nimekodoa macho, akacheka.

"Si kemia hiyo. Ni mpira. Centre sita, Harvard sifuri."

Sita bila! Nikawaonea huruma Harvard, nikauliza kipa wao alikuwa wapi. Mzee akazidi kucheka. Kumbe ni ule mpira wao wa kubeba kwapani na kugongana vifua: ukiuvusha mstari wa mwisho mara moja tu, unapewa pointi 6. Kwa hesabu yetu ni goli moja. Na pointi ya nyongeza hawakuipata.

Ilikuwa 29 Oktoba 1921, nyumbani kwa Harvard. Mwaka uliotangulia Centre walikwenda hukohuko wakafungwa 31 kwa 14. Wakarudi tena, chuo ambacho wanafunzi wake hawakufika 300. Mimi madarasa mawili tu ya kambini yalinipa karibu idadi hiyo. Kipindi cha pili Bo McMillin, mchezaji wa Centre, akaupata mpira. Hapa mzee alinikabidhi kamba ya mbwa, akakunja mkono kifuani kama aliyebeba mtoto, akakata kulia, akageuka kushoto, akakimbia yadi zake 32 kwa hatua kama nane, akaishia kwenye boneti ya gari la mtu, anatweta. Mbwa akabweka kwa furaha. Msimu ule walishindwa mechi moja tu, ya mwisho, Dallas, Januari 1922. Hiyo aliitaja harakaharaka.

Nami nilikuwa na hesabu yangu ambayo sikumwambia. Mwaka ule ningesimama pale kama mfagiaji, labda. Sheria ya Kentucky ya 1904 ilikataza mweusi na mweupe kusoma shule moja. Mzee alikuwa na furaha mno. Nikamrudishia mbwa wake, nikamshukuru.

Shemeji akapiga simu: amepunguziwa dola 200, nije upesi kabla muuzaji hajabadili mawazo. Nikapiga picha ukuta ule, nikaitupia kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wangu wa zamani, bila neno lolote.

Tulipofika Lexington nilikuta jibu moja, kutoka kwa kijana ambaye bado yuko kambini. Nilikuwa nikimkata alama kila mtihani.

"Mwalimu, hapo haidrojeni sita umezipeleka wapi?"