Siku moja kazini: kumtoa kijana kituo cha kulea watoto hadi chumba chake, Nairobi

Saa mbili asubuhi, niko kwa naibu wa chifu kwa ajili ya kitambulisho cha kijana. Watu hudhani kazi hii inaanza na kutafuta nyumba. Kijana asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hapati M-Pesa, na wenye nyumba wengi hawamsikilizi. Ndiyo maana faili hufunguliwa akiwa na miaka 17, wala si wiki ya kuondoka: cheti cha kuzaliwa, amri ya mahakama iliyomweka kituoni, barua ya kituo, barua ya afisa wa watoto, vyeti vya shule. Wengi hawana nakala ya kitambulisho cha mzazi, kwa hiyo amri na barua hizo tunazibeba kila mahali.

Saa nne, foleni ya kuomba kitambulisho. Hapa nalinganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Wanjiku na cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Wanjiru, narudi nyuma kurekebisha kabla hajachukuliwa alama za vidole. Karatasi ya kusubiria anayopewa naitoa nakala papo hapo.

Saa saba, mtaa wa Kayole, kutafuta chumba. Kodi ikiwa 5,000, kuingia ni 10,000 kwa sababu ya deposit, amana anayoshika mwenye nyumba, na godoro bado. Keateka, yaani mtunza nyumba, atakwambia maji hayakatiki. Muulize mama anayefua uani maji huja siku gani. Halafu tazama mita ya stima. Mita moja ikihudumia vyumba vinne, kila token, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ugomvi, na kijana mgeni ndiye atakayelipa zaidi. Deposit iandikwe kwenye risiti, kando na kodi, la sivyo siku ya kuhama hakuna anayeikumbuka.

Saa tisa, soko la Kamukunji kununua vyombo: sufuria mbili, mwiko, sahani, ndoo mbili za lita 20, moja iwe na mfuniko. Meko ya gesi ya kilo 6. Runinga ingoje.

Saa kumi na moja tunapika, na hapa sina haraka. Aliyezoea jikoni ya watoto arobaini husonga ugali wa watu wanne, kisha anashangaa pakiti ya kilo 2 imeenda wapi. Tunapima kwa kikombe kilekile atakachobaki nacho. Pesa za kumwanzisha hapewi zote kwa mkupuo: kodi inaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe 5, ya chakula inatumwa kila Jumatatu. Kuna wanaosema huko ni kumdekeza. Mimi naona hakuna kijana wa miaka 18 anayejua kugawa pesa ambazo hajawahi kuzishika.

Saa mbili usiku, simu. Napigia zaidi walio mwezi wa pili na wa tatu. Wa mwezi wa kwanza bado wana zawadi za kuagwa. Swali la kwanza: nani analala hapo? Wenzake wa kituoni wasio na pa kwenda humfuata, wanajazana watano kwenye chumba kimoja, na mwenye nyumba anawafukuza wote. Kumkataza hakusaidii, hao ndio ndugu zake. Tunakubaliana mapema: mgeni mmoja, siku tatu, keateka aambiwe, na huyo mgeni anipigie kesho yake asubuhi.